Jinsi ya kutia rangi kitambaa cha pamba bila kuharibu maji na udongo (kwa wenzangu wa batiki na tai-dai)

Maswali ya rangi za asili yamekuwa mengi siku hizi na nafurahi kweli, ila wengi tunaanzia pasipo. Mtu anauliza rangi gani ni ya asili na ipi ni ya kiwandani, wakati swali la kwanza inabidi liwe maji yangu ya mwisho nayamwaga wapi na yana nini ndani yake. Unaweza kutumia majani na magome matupu halafu ukachemsha kwa gunia la mkaa na ukatia dawa yenye kromu ili rangi ishike, hapo mazingira umeyaumiza kuliko yule aliyetumia rangi ya dukani kwa ndoo mbili za maji baridi. Kwa hiyo hapa nitaeleza njia tatu ambazo mtu wa kawaida anaziweza nyumbani au kwenye kikundi, na kila moja nitasema uzuri wake na pale inapogoma.

Kwanza tuelewane tunapotokea. Batiki nyingi hapa Tanzania tumefundishwa kwa fomula moja, rangi ya unga, kostiki soda, haidrosalfaiti na maji ya moto, basi. Hizo ni rangi za aina ya vati, haziyeyuki kwenye maji hivi hivi mpaka haidro izibadilishe, ndo maana ukitoa kitambaa kwenye beseni kinakuwa na rangi ya ajabu alafu kikipigwa na hewa kinarudi kwenye rangi yake. Rangi zenyewe ni imara sana, hilo silipingi, hazichuji na hazipauki hovyo. Shida ni wale wenzake wawili. Kostiki inaunguza ngozi na macho, haidro ikiingia unyevu kwenye kopo inaweza kupata moto yenyewe, na ukiyamwaga yale maji mtaroni haidro iliyobaki inakula hewa ya oksijeni iliyomo kwenye maji, samaki na vijidudu vya mtoni vinakosa pumzi. Mtaro wa Dar ukiufuata mwisho wake ni Msimbazi au bahari, hakuna sehemu inaitwa "mbali".

Sasa kazi ya kwanza kabla ya njia yoyote, na hii watu wengi wanairuka alafu wanalaumu rangi: osha kitambaa mpaka ndani. Pamba ya dukani, hata bafta nyeupe inayong'aa, ina wanga na mafuta ya kiwandani yanayozuia rangi kuingia. Pima kitambaa kikiwa kikavu kwa mizani ya jikoni, maana vipimo vyote vinafuata uzito na sio meta. Kilo moja ya bafta nyepesi inakaribia meta 6 hadi 8, inategemea upana na unene. Kwa kilo moja weka gramu 20 za soda ash (magadi soda, naieleza hapo chini) na sabuni ya maji kidogo kwenye sufuria kubwa, maji yafunike kitambaa, chemsha taratibu kama saa moja huku unageuza. Utashangaa maji yanavyotoka na rangi ya chai ya rangi wakati kitambaa ulikiona cheupe. Suuza vizuri. Jaribu kwa tone la maji: likinywewa hapo hapo kiko tayari, likikaa juu kama lulu rudia.

Soda ash ndo ile poda nyeupe inayouzwa kwa watu wa kutengeneza sabuni, wengi wanaiita magadi soda, na sehemu kubwa ya inayotumika ukanda wetu inatoka Ziwa Magadi kule Kenya. Usiichanganye na baking soda ya keki, hiyo ni dhaifu haifanyi kazi hii. Na yale magadi ya mawe ya kupikia maharage nayo yana uchafu na nguvu yake haieleweki, leo yatakubali kesho yatakukatalia.

Njia ya kwanza, ndo ninayoipendekeza kwa mtu anayefanya biashara: rangi riaktivu kwa maji baridi. Hizi ni rangi za kiwandani, zilianza kuuzwa mwaka 1956 na kampuni ya ICI ya Uingereza kwa jina la Procion, na uzuri wake ni kwamba zinajifunga na pamba yenyewe kikemia, hazilali tu juu. Hazihitaji haidro wala kostiki, wala maji ya moto wakati wa kutia rangi. Viwandani wakizitumia kwa kuloweka kwenye mtambo wanatia chumvi nyingi, gramu 50 hadi 100 kwa lita, ili kuisukuma rangi iingie kwenye kitambaa, na chumvi hiyo yote inaishia kwenye maji machafu ambako hakuna chujio la kawaida linaloitoa. Sisi tunaikwepa chumvi kabisa kwa kutumia maji kidogo na kuipa rangi muda. Viwandani nako wapo wanaofanya hivyo, wanapitisha kitambaa kwenye rangi, wanakikamua kwa rola, wanakifunika na kukilaza usiku kucha, na sisi wa pwani tuna bahati moja kubwa, joto la nyuzi 28 au 30 tunapewa bure wakati mtu wa Ulaya inabidi awashe hita.

Fanya hivi. Changanya gramu 50 za magadi soda kwa kila lita ya maji, lita 5 zinatosha kwa kilo moja ya kitambaa. Vaa glavu. Loweka kitambaa dakika 20 hadi 30, kamua mpaka kisidondoke, na yale maji ya magadi USIYAMWAGE, yafunike, yatatumika tena na tena maana magadi hayaozi, unaongezea tu yanapopungua. Kama unachora nta (ile ya kuzuia rangi isiingie sehemu fulani), hapo anika kitambaa kikauke ndo uchore, na kwa sababu rangi ni ya baridi nta haitayeyuka.

Alafu rangi. Gramu 10 mpaka 20 kwa kilo ya kitambaa ukitaka iliyopooza, 30 hadi 40 iliyokolea, nyeusi inakula karibu mara mbili ya hapo. Ikoroge kwanza na maji kidogo iwe kama uji ndo uongeze, jumla isizidi lita moja au moja na nusu. Barakoa vaa wakati wa kufungua kopo na kupima, hili sio la kuchukulia kawaida, vumbi la rangi hizi linaweza kumzoesha mtu mzio wa kifua na ukishampata anakuwa nao maisha. Ikishalowa haina shida hiyo. Mwagia rangi kwenye kitambaa au paka kwa brashi, kanda kwa mikono mpaka iingie kila kona, hasa kwenye mikunjo kwa wale wa tai-dai. Changanya kiasi cha siku hiyo tu, maana rangi ikishakutana na magadi inaanza kujimaliza yenyewe na baada ya saa chache ni maji ya rangi tu yasiyoshika kitu.

Kisha funika kibaki na unyevu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019 kwa hiyo tusianze kutafuta mifuko, ndoo yenye mfuniko inatosha, au turubai la zamani ukilikunjia vizuri. Kaa nacho saa 12 hadi 24. Bluu ya feruzi ndo mvivu kuliko wenzake wote, hiyo ipe siku nzima na uiweke sehemu yenye joto, na mjue pia ina shaba ndani ya muundo wake kwa hiyo itumieni kwa kiasi.

Kusuuza ndiko maji yanakopotea. Utiaji rangi wa kawaida unaweza kula lita 100 na zaidi kwa kilo moja ya kitambaa na sehemu kubwa ni ya kusuuza. Panga ndoo tatu mstari mmoja. Kitambaa kinaanza ndoo ya kwanza ya maji baridi kutoa magadi, kinaenda ya pili, ya tatu. Kitambaa kinachofuata, ndoo ya kwanza ukishaitoa ile ya pili inakuwa ya kwanza, ya tatu inakuwa ya pili, na maji mapya yanaingia mwisho tu. Yaani maji masafi yanakutana na kitambaa kisafi. Baada ya hapo loweka kwenye maji ya moto sana na sabuni kidogo robo saa, maana rangi ambayo haikujifunga inatoka kwa moto na sio kwa wingi wa maji, ukisuuza kwa baridi tu utamaliza pipa zima na bado nguo itachuja kwa mteja.

Njia ya pili, nili (rangi ya bluu inayotoka kwenye mmea) na sukari ya matunda. Hii ni kwa wale wanaotaka bluu ya kweli kweli bila haidro. Kaniki, ile bluu iliyoiva mpaka inakaribia weusi, asili yake ni nili, na nili nayo ni rangi ya vati, inahitaji kitu cha kuibadilisha ndo iyeyuke. Mfaransa Michel Garcia, mtaalamu wa rangi za asili, ndo ameisambaza sana fomula ya moja-mbili-tatu: nili moja, chokaa mbili, sukari ya matunda tatu. Kwa ndoo ya lita 10 weka nili gramu 50, chokaa iliyozimwa gramu 100, na fruktosi (ndo hiyo sukari ya matunda) gramu 150. Sukari ya chai haifanyi kazi, usipoteze hela. Kama fruktosi huipati chemsha tende au ndizi zilizoiva mpaka maganda meusi, chuja, tumia ule mchuzi, asali pia inafanya. Angalia unachonunua, unga wa nili ya nywele unaouzwa pamoja na hina ni majani tu yaliyosagwa, hautoshi, unatakiwa ule wa bluu nzito uliokwisha kukamuliwa rangi. Na bluu ya kufulia nguo nyeupe ni kitu kingine kabisa.

Nili iloweke kwanza na maji ya moto kidogo, itikise na vijiwe safi ndani ya chupa mpaka isiwe na madonge. Maji ya ndoo yawe ya moto kama nyuzi 50, mkono unavumilia kwa shida. Tia nili, tia sukari, alafu chokaa kidogo kidogo, koroga taratibu kwa kuzungusha bila kuingiza mapovu, funika. Baada ya saa moja mpaka kadhaa chungulia: juu kutakuwa na utando unaong'aa kama shaba na mapovu ya bluu, ukiusogeza kwa kijiko maji ya chini yana rangi ya mafuta ya alizeti au kijani cha mzeituni. Hapo imeiva. Kama chini bado ni bluu, ongeza sukari kidogo na joto na usubiri.

Kitambaa kiingie kikiwa kimelowa na kimekamuliwa, polepole, kikae dakika 5 hadi 10 bila kugusa tope la chokaa lililotulia chini. Kitoe taratibu. Kinatoka cha njano-kijani, alafu kuanzia kwenye ncha na mikunjo ya juu bluu inaanza kutembea mbele ya macho yako mpaka kitambaa chote kinageuka, na hii ni dakika chache tu. Kiache hewani dakika 15, rudisha tena. Bluu iliyokolea inatoka kwa kuchovya mara nyingi, sio kwa kuacha muda mrefu. Mwisho suuza, kisha maji yenye siki kidogo kuua chokaa. Ndoo hiyo haimwagwi, ikichoka unailisha sukari na kuipasha moto, inaendelea wiki na wiki.

Na hapa kuna kitu kizuri cha wenzetu Wayoruba wa Nigeria, badala ya nta wanachora kwa uji mzito wa muhogo kwenye kitambaa, wanaukausha, wanatumbukiza kwenye nili, wanaita adire eleko. Nta tunayotumia sisi kwa wingi ni ya mishumaa, inatokana na mafuta ghafi, na kuitoa inabidi kuchemsha nguo kwa moto mkubwa. Muhogo unaukwangua tu ukiwa umelowa. Mistari haitoki mikali kama ya nta na hauvumilii kulowekwa muda mrefu, ila kwa kuchovya haraka haraka kwenye nili unafaa sana. Anayeendelea na nta basi ayaache maji ya kuchemshia yapoe, nta itaelea na kuganda juu, aiokote na kuitumia tena, na asithubutu kuyamwaga kwenye sinki yakiwa ya moto.

Njia ya tatu, maganda na majani. Hii naipenda sana ila lazima niwe mkweli, pamba sio rafiki wa rangi za mimea kama sufu au hariri, bila kuandaliwa haishiki. Na rangi nyingi zinazopendeza kwenye picha zinapauka. Manjano ya jikoni inatoa njano kali sana siku ya kwanza, jua likiipiga inaondoka, na ukiifua kwa sabuni yenye magadi inageuka nyekundu. Rozela na bitiruti hivyo hivyo, msimuuzie mtu. Zinazostahili jasho lako ni maganda ya vitunguu, majani ya mwembe, maganda ya komamanga, na magome ya miti ya miwati kwa walio karibu na Njombe. Magome ya mikoko yana rangi nzuri sana ya kahawia, lakini mikoko ni msitu wa hifadhi na ukiubandua mti unakufa, achaneni nayo.

Maganda ya vitunguu nenda sokoni jioni na gunia, vile vitunguu vyekundu vya Mang'ola vinaacha maganda mengi na wauzaji watakushukuru. Hatua ziko nne na hazirukwi. Kitambaa kimeshaoshwa kama nilivyosema. Pili, kipe tanini (ule ukakasi wa mimea unaosaidia rangi kushika): gramu 200 za maganda ya komamanga yaliyokaushwa kwa kilo ya kitambaa, chemsha, chuja, loweka kitambaa usiku kucha. Majani ya chai meusi pia yanakubali ila yanaacha ukahawia. Tatu, shabu, ile ile ya kusafishia maji. Gramu 120 hadi 150 kwa kilo ya kitambaa, iyeyushe kwenye maji ya moto, alafu pembeni yeyusha gramu 15 za magadi soda na umimine kidogo kidogo kwenye shabu, itatoa povu kama soda iliyotikiswa kwa hiyo chombo kiwe kikubwa. Povu likitulia ongeza maji, weka kitambaa, acha saa kadhaa au mpaka asubuhi, suuza mara moja. Nne ndo rangi: maganda ya vitunguu nusu ya uzito wa kitambaa au sawa nao, chemsha saa moja, chuja, kitambaa kiingie na kibaki humo kwenye moto mdogo saa moja, kisha kipoe humo humo.

Moto ndo mtego wa njia hii. Ukiweka sufuria kwenye mkaa masaa manne faida yote imeisha. Chemsha mara moja, alafu sufuria yenye mfuniko iingize kwenye kapu lililojazwa mablanketi ya zamani, itakaa na joto masaa mengi yenyewe. Au pipa jeusi juani siku mbili tatu.

Ukitaka kijani cha jeshi au kijivu, tengeneza maji ya kutu: misumari yenye kutu kwenye chupa na siki, mfuniko usikazwe, wiki moja au mbili. Kijiko kimoja kimoja kwenye beseni la maji, kitambaa cha vitunguu kiingie dakika chache, utaona rangi yake ya dhahabu inazama inakuwa kijani kibichi cha zeituni. Kitambaa chenye tanini peke yake kinakuwa kijivu mpaka karibu na weusi, na ndo kanuni ile ile ya bogolanfini ya Mali, wao wanatumia majani yenye tanini na tope lenye chuma. Usizidishe chuma, kinadhoofisha uzi na nguo itakuja kuchanika yenyewe. Shabu na chuma vinatosha, msinunue kromu, bati wala mrututu (salfeti ya shaba) kwa kazi ya nyumbani, hizo ndo sumu zenyewe.

Sasa maji yanayobaki, maana hapo ndo tulipoanzia. Maji ya rangi riaktivu yana magadi, na sodiamu iliyomo kwenye magadi inagandisha udongo mpaka haupitishi maji, kwa hiyo usimwagilie mchicha. Yakusanye kwenye pipa, tia siki kidogo kidogo mpaka karatasi ya kupimia asidi isome 7 au 8. Rangi yenyewe ni ngumu kutoa ikishayeyuka, kupitisha kwenye chujio la mchanga na mkaa uliopondwa kunapunguza ila hakumalizi, ndo maana mkazo wote niliuweka kwenye kutumia rangi kidogo na maji kidogo tangu mwanzo. Kama mtaa una mfumo wa majitaka yaende huko, kama hauna yaende kwenye shimo lililo mbali na kisima na mto. Kikundi kikikua kikawa kama kiwanda kidogo, nendeni NEMC, taasisi ya serikali inayosimamia mazingira, mapema mkaulize taratibu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inawagusa. Maganda na majani yaliyochujwa kabla hayajakutana na shabu yanaenda kwenye mboji moja kwa moja.

Rangi za kupimiwa kwenye vipakti visivyo na jina msinunue. Dai jina kamili la rangi na karatasi yake ya usalama, hasa mnaouza kwa watalii au kutuma nje, maana Umoja wa Ulaya unakataza rangi za azo (kundi moja la rangi za kiwandani) zinazoweza kuvunjika na kutoa kemikali ziitwazo amini ambazo baadhi yake zinasababisha saratani, kikomo ni miligramu 30 kwa kilo ya nguo, mzigo unaweza kurudishwa wote.

Kabla ya kuuza aina yoyote mpya, kata kipande, nusu kifunike kwa kadibodi nusu kiache wazi, kitege juani wiki mbili. Kipande kingine kifue pamoja na kitambaa cheupe. Ukiona nusu mbili zimetofautiana sana, kitambaa hicho kitafaa kwa mapambo ya ndani na sio gauni. Nguo za mimea mwambie mteja afue kwa sabuni laini isiyo na magadi, ageuze ndani nje, aanike kivulini, na kama ina maji ya kutu ndimu na siki zisiigusie kabisa, zinaacha madoa meupe yasiyotoka.